Kompyuta Imekula, Mtani

Prisca Benedikto hakuwa mtu wa kusamehe, na tusimpake mafuta hapa kwa sababu tu aliimba kwaya ya parokia. Muuza vitenge aliyewahi kumpunja kipimo aliipata ya kwake. Prisca alipita mbele ya meza yake miaka nenda miaka rudi, akanunua kwa jirani, kisha akarudi njia ile ile akiwa amekikunjua kitenge kipya begani ili kionekane vizuri. Lakini hivyo vilikuwa visasi vya sokoni, vya kuchangamshia siku. Kisasi alichomlipizia bosi wake Hatibu kilikuwa kingine, na mimi nasema kilimstahili.

Zamani Prisca alikuwa mpiga chapa wa kiwanda. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na mameneja waligombania zamu yake. Kisha kiwanda kikauzwa, mwekezaji akaja na tai yake na ahadi zake, na wafanyakazi wakasimamishwa uani kusomewa majina ya wanaobaki. Jina la Prisca halikusomwa. Walimwachia taipureta moja nzito iliyokuwa imekufa herufi mbili, akaibeba mpaka nyumbani kwake Mafiga kwa mkokoteni, akaifunika kitambaa, akaenda kutafuta kazi mjini.

Kazi aliipata kwenye steshenari ya Hatibu, karibu na soko kuu. Miaka ile kila mwenye akiba kidogo alikuwa akifungua kitu: huyu mashine ya kusaga, yule saluni, huyu kibanda cha simu. Hatibu alikwenda Dar es Salaam akakaa mwezi mmoja, akarudi na kompyuta mbili, printa moja na kitambi kilichoanza kujitokeza. Hakuwa msomi wala hakujidai kuwa msomi. Alikuwa mfanyabiashara mcheshi, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani, na alipenda kuwa na watu wa kumchekea.

Kompyuta zenyewe alizipanga moja mbele na moja nyuma, akaziunga kwa waya. Prisca alikaa mbele kwa wateja na kupiga chapa. Kazi akishaihifadhi ilipita kwenye waya ikaenda kukaa kwenye kompyuta ya nyuma, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kubwa na ndiyo iliyounganishwa na printa. Kwenye kioo cha ile ya nyuma kulikuwa na dirisha moja lililofunguliwa tangu asubuhi mpaka jioni, limejaa majina ya mafaili: kadi za harusi, barua za maombi ya kazi, ratiba za mazishi, katiba za vyama vya akina mama. Hatibu alikuwa amepiga marufuku mtu yeyote kulifunga. Alisema ukilifunga, mashine inakufa.

Basi, dirisha lile lilikuwa na tabia moja ya kuudhi. Lilionyesha yale tu yaliyokuwemo wakati linafunguliwa. Prisca angepiga chapa barua ya mteja, angeihifadhi, angenyanyuka na kwenda nyuma kuichapisha, na barua isionekane. Majina ya jana yapo, ya asubuhi yapo, lakini ya sasa hivi hakuna. Angerudi mbele kuhifadhi tena, angekwenda nyuma tena, hakuna. Mteja yuko kwenye benchi anatazama saa. Prisca jasho linamtoka, anaiangalia ile kompyuta kwa hasira ya kutaka kuipiga ngumi, na kompyuta inamtazama tu na majina yake ya jana.

Hapo ndipo Hatibu alipoinuka. “Sogea, mtani,” angesema. Angesimama mbele ya meza, kitambi kikaziba vitufe vyote, mkono mmoja ukaingia pale chini, na mara faili likatokea limekaa mahali pake. “Mmeona?” angewageukia wateja. “Mashine inamjua mwenyewe. Huyu Mluguru wa watu nimemtoa kwenye kabichi juzijuzi. Mpeni jembe, kompyuta imemkataa!” Wateja wangecheka, na Prisca angecheka nao.

Alicheka kwa sababu ilibidi. Yeye Mluguru, Hatibu Mzigua wa Turiani, na Mluguru na Mzigua ni watani tangu babu na babu. Mtani akikutukana, unamrudishia. Akikuchukulia kuku wako, unamtania zaidi. Kununa ni aibu yako mwenyewe. Kwa hiyo Prisca alijibu kama ilivyopasa, akamwambia Hatibu kitambi kile kimejaa panya wa kuchoma wa kwao, na wateja wakacheka tena. Lakini alijua, na Shakila naye alijua, kwamba utani ule ulikuwa umeanza kunuka. Shakila alikuwa msichana wa Kihonda aliyeshughulika na mashine ya kutolea kopi. Aliwahi kumwambia, “Dada Prisca, huyu bosi anakutania au anakusema?” Prisca alimjibu kwamba hata yeye hajui, na akaendelea kufuta vumbi kwenye kioo.

Basi njoo kwenye nyimbo.

Baba yake, mzee Benedikto, alikuwa mwalimu wa kwaya katika kijiji cha misheni huko juu, upande wa Mgeta, toka Prisca hajazaliwa. Alitunga nyimbo kwa Kiluguru: za mavuno, za ubatizo, za kuleta maji altareni. Hakuna aliyeziandika, zilikaa kifuani mwake, na sasa kifua kilikuwa kinamsumbua. Vijana wa kwaya walikuwa wameanza kuimba za kwenye kaseti zilizotoka mjini, na jambo hilo lilimuuma mzee kuliko kikohozi. Misheni ilikuwa inakaribia jubilei yake. Akasema anataka siku hiyo kila mwanakwaya ashike karatasi yenye nyimbo zile mkononi, hata kama hajui kuimba, ashike tu.

Prisca alikuwa akipanda kijijini, anakaa kitandani kwa baba, mzee anamwimbia kidogokidogo, anapumzika, anaendelea. Prisca anazishika kichwani na kwenye vipande vya karatasi, akishuka mjini anazipiga chapa wakati wa chakula cha mchana, Shakila akimlindia zamu. Alimwomba Hatibu ruhusa na Hatibu akatoa. “Mtani, chapa tu,” alisema, “lakini mzee wako akiwa maarufu usinisahau.”

Jumamosi ya kuamkia jubilei Prisca alimaliza wimbo wa mwisho. Gari la mboga, lile linaloshusha kabichi na karoti na kupandisha watu, lilikuwa limesimama nje ya soko likipiga honi. Akahifadhi, akakimbilia nyuma. Dirisha lilikuwa limejaa kila kitu isipokuwa nyimbo. Huku Hatibu ameshazima kompyuta ya mbele, maana Jumamosi alifunga mapema.

“Bosi, njoo unitolee,” Prisca alisema. “Gari linaniacha.”

Hatibu alikuwa na wateja wawili wa mwisho na alikuwa amechangamka. Akaja, akainama kwenye kioo, akasoma majina kwa sauti moja baada ya jingine, akatikisa kichwa. “Hamna.”

“Fanya kama unavyofanyaga.”

“Nimeshaangalia, mtani. Huku haimo.”

“Basi izimwe iwashwe. Asubuhi huwa yanarudi.”

“Yanarudi yaliyohifadhiwa,” alisema Hatibu, na akawakonyeza wale wateja. “Wewe hukuhifadhi. Kompyuta imekula, mtani. Imekula nyimbo za Waluguru, imeshiba, sikiliza inavyocheua!” Printa ilikuwa inanguruma kidogo, kama kawaida yake. Wale wateja waliangua kicheko mpaka mmoja akashika ukuta.

Honi ikalia tena. Prisca alisimama pale akijiuliza kama kweli alibonyeza pa kuhifadhi au haraka ilimsahaulisha, na kadiri alivyojiuliza ndivyo alivyozidi kuamini kwamba hakubonyeza. Akachukua mkoba wake, akapanda gari mikono mitupu.

Baba yake alikuwa amekalishwa kitandani, amevaa koti lake jeusi la kwaya tangu asubuhi, amechanwa nywele. Aliposikia mlango akanyoosha mikono yote miwili. “Ziko wapi?” akauliza.

“Nilisahau kuhifadhi, baba. Zimepotea.”

Mzee hakugomba, na afadhali angegomba. Aliuliza tena, “Ziko wapi?” kana kwamba hakusikia, maana sikio lake moja lilikuwa limekufa. Prisca akainama kwenye sikio zima akarudia. Mama yake, mama Theresia, aliyekuwa amesimama na bakuli la uji, akasema neno moja tu, “Umesahau?” Kisha akageuka kwenda jikoni. Jubilei ilipita wakiimba za kwenye kaseti. Katikati ya wiki mzee Benedikto alikata roho.

Watani walikuja kuzika, na hapo ndipo Prisca alipouona utani kama alivyoukuta utotoni. Wazigua wa bondeni walipanda mlima na kuku wao, wakachota maji, wakapasua kuni, wakaingia kaburini wakagoma kutoka mpaka watengewe jogoo. Kiongozi wao alikuwa Nasibu, Mzigua aliyehamia kijijini zamani kuuza chumvi na kuoa. Nasibu alilivaa lile koti jeusi la marehemu, akashika fimbo, akasimama mbele ya kwaya akaiongoza vibaya makusudi, akikohoa pale pale alipokuwa akikohoa mzee. Watu walilia, wakacheka, wakalia tena. Halafu Nasibu akasimama mbele ya Prisca, akanyoosha mikono yote miwili, akasema kwa sauti ya mzee, “Ziko wapi?”

Watu walicheka. Nasibu hakuwa na ubaya, alikuwa anafanya kazi yake kama mtani anavyopaswa. Prisca alicheka pia, lakini alimwona mama yake akiangalia chini, na aibu iliyomshika haikumwachia mpaka gari liliposhuka tena mjini. Hatibu hakuonekana mazishini, hakutuma hata kuku.

Aliporudi kazini, Prisca alikaa mbele na kompyuta yake. Mchana akaenda nyuma kuchapisha ratiba ya harusi. Na hapo, katikati ya majina, akaziona. Nyimbo za baba. Faili zima, lenye tarehe ya Jumamosi ile ile. Alilifungua, akakuta mpaka ule wimbo wa mwisho.

Alishika meza. Shakila akaja mbio akidhani anaanguka. Prisca akamwonyesha, na Shakila akaziba mdomo, kisha akasema polepole kile ambacho bila shaka alikuwa akikihofia. “Dada, hili dirisha halijibadilishi lenyewe. Shemeji yangu ana kompyuta kama hizi, kanionyesha jana tu. Kuna kitufe hapa juu, F5. Ukikibonyeza, linasoma upya kila kitu.” Akakibonyeza. Ratiba ya harusi, ambayo haikuwepo, ikatokea. Kitendo chenyewe kilikuwa chepesi kama kuzima taa.

Prisca alikwenda kwa Hatibu, aliyekuwa akila chapati na chai kwenye benchi la wateja. “Siku ile ya Jumamosi,” alisema, “zilikuwepo?”

Hatibu alicheka, mate ya chai yakamtoka. “Ah, umekijua kitufe! Mtani, ningekubonyezea Jumatatu, wewe ukapotelea mlimani. Nilikuwa nakutania tu.” Kisha akakumbuka adabu kidogo, akaongeza, “Na pole na msiba.”

Nilikuwa nakutania tu. Prisca alirudi akakaa kwenye kiti chake. Alifikiria kummwagia chai ile usoni. Alifikiria kuondoka. Lakini kuondoka kungemwacha Hatibu na kitambi chake na kicheko chake, na Prisca hakuwa na nia ya kumwachia hata kimojawapo. Mtani anayekuja kukucheka na haji kukuzika si mtani, ni adui aliyevaa nguo za mtani. Alilisema hilo moyoni, akanyoosha vidole, akaanza kupiga chapa, na tangu saa ile alikuwa mtulivu mno.

Wala hakuficha. Hili ndilo linalonifurahisha mimi mpaka leo. Siku iliyofuata, mbele ya wateja, alimwambia Hatibu kwa sauti ya juu, “Mtani, jiandae. Siku moja nitakula kompyuta yako yote, nikuachie picha.”

Steshenari nzima ilivunjika mbavu. Hatibu mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi, akapiga paja. “Utaweza wapi, Mluguru wewe? Utaila na kabichi?”

“Nitaila kavu.”

Akawa anamwambia karibu kila siku, na Hatibu akawa anawasimulia wageni: huyu mtani wangu ameapa kuila kompyuta, hebu mtazameni. Huku kila mchana Prisca anachomeka disketi kwenye kompyuta ya mbele na kunakili kazi zilizokuwa nyuma. Kadi alizozipanga yeye, mapambo ya maua aliyoyatafuta yeye, mifano ya barua na katiba, ndiyo mali yote ya steshenari ile. Disketi zikijaa zilipanda mlimani ndani ya kapu, zikakaa chini ya kitanda cha mama Theresia pamoja na mbegu za njegere. Shakila aliona na hakusema, ila alikuwa akimpokea kapu mlangoni.

Siku ya wageni ikafika. Kulikuwa na mradi wa kutunza misitu ya milimani uliotaka sehemu moja ya kuchapishia vipeperushi vyake vyote vya vijijini, na mkuu wake, mama Ester, alikuwa anazunguka kukagua steshenari za mji. Hatibu hakulala vizuri wiki nzima. Alipaka rangi ukuta, akanunua shati, akamwambia Prisca, “Mtani, leo usiniangushe. Wakipenda, tunanunua kompyuta ya tatu.”

Asubuhi ile alifungua lile dirisha la nyuma mwenyewe, likajaa majina juu mpaka chini. Likapendeza. Halafu akatoka nje kuwasubiri wageni. Prisca, kwenye kompyuta ya mbele, akafuta mafaili yote ya nyuma kupitia waya. Hakuacha hata moja. Nyuma, kwenye kioo, majina yalikuwa yametulia palepale, hayakutikisika.

Mama Ester aliingia na wenzake, Hatibu akawapeleka moja kwa moja nyuma. “Hapa,” alisema, akitandaza mkono mbele ya kioo, “ndipo ilipo kazi yetu ya miaka yote. Vitabu, kadi, katiba, kila kitu. Chagua chochote, mama.”

Mama Ester akavaa miwani, akasoma. “Hiki, cha kilimo cha matuta. Nifungulie.”

Hatibu akabofya. Kompyuta ikafikiri, ikaleta maneno kwamba kitu hicho hakipatikani. Hatibu akacheka kidogo. “Labda hiki kingine.” Hakipatikani. Akabofya cha tatu, akabofya cha nne kwa nguvu, kana kwamba kipanya ndicho kilichokosa. Shati jipya lilianza kulowa mgongoni. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakaanza kusogea kutazama.

“Majina nayaona,” alisema mama Ester, bila ubaya. “Kazi zenyewe ziko wapi?”

Prisca aliyasikia maneno hayo kutoka kwenye kiti chake, kama vile anamsikia baba yake.

Hatibu akakumbuka kitufe chake. Akasogeza kitambi mbele, akaingiza mkono pale chini kama siku zote, akabonyeza F5. Na dirisha lote likawa jeupe. Halikubaki jina hata moja, juu wala chini, kama sahani iliyorambwa.

Prisca akanyanyuka, akaja mpaka nyuma, akasimama pale alipokuwa akisimamishwa yeye. “Kompyuta imekula, mtani,” alisema. “Imeshiba. Sikiliza inavyocheua.”

Mteja mmoja, mzee wa watu, alicheka hadi kofia ikadondoka. “Alikwambia!” alisema. “Alikwambia kila siku atakuachia picha!” Benchi zima likaungana naye. Mama Ester alivua miwani, akasema watapita tena wiki ijayo wakikuta mambo yako sawa, akatoka na watu wake.

Hatibu alimtukana Prisca matusi yasiyo ya utani, akamfukuza kazi papo hapo, kisha akakimbilia kituo cha polisi. Askari wa zamu alikuwa mtu mzima. Alisikiliza yote, akaweka kalamu chini, akauliza, “Huyo mama ni kabila gani?”

“Mluguru.”

“Na wewe?”

“Mzigua. Lakini afande...”

“Alikwambia kabla?”

“Alikuwa anatania!”

“Basi na sasa ametania,” alisema askari. “Mzigua mzima unakuja kumshitaki mtani wako? Nenda nyumbani, bwana, usinichekeshe niko kazini.” Habari hiyo ilifika sokoni kabla ya Hatibu mwenyewe, na aliporudi, wauza nyanya walikuwa wakimcheulia.

Jioni hiyo hiyo alikuwa Mafiga, amekaa kwenye kiti kifupi uani kwa Prisca, karibu na ile taipureta iliyofunikwa kitambaa. Sauti yake ilikuwa imepungua. “Mtani, nirudishie. Wale watu wanarudi. Kazini rudi, kiti chako kipo.”

“Kazi sitaki,” Prisca alisema. “Jumamosi ni arobaini ya baba. Hukuja kuzika, utakuja arobaini. Nyimbo ninazo kwenye disketi. Utazichapisha mwenyewe, za kwaya nzima, na utazibeba kichwani toka gari linapoishia mpaka nyumbani kwetu. Na ukiulizwa jambo huko, utajibu kweli. Ukijibu, disketi zako utashuka nazo.”

Hatibu alikubali haraka, akidhani ameponea hapo. Prisca alikuwa tayari ameshasikia kutoka kwa Shakila kwamba mama Ester amekwisha kuipeleka kazi yake steshenari nyingine. Hakumwambia. Alimsindikiza mpaka barabarani, akamtakia usiku mwema.

Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha. Gari la mboga lilimshusha Hatibu mwisho wa barabara, na toka hapo ni kupanda tu, udongo mwekundu unateleza, mashamba ya maharage yananing'inia kila upande. Prisca alitangulia bila kugeuka. Nyuma yake alimsikia Hatibu akihema, akiteleza, akiomba wapumzike, boksi la karatasi limefunikwa nailoni kichwani. Wanawake waliokuwa wakipalilia walinyanyua migongo na kuuliza ni nani huyo. “Ni mtani wetu,” Prisca aliwajibu, “amechelewa msibani.” Wakamshangilia kwa vigelegele vya kejeli mpaka alipopotea kwenye kona.

Watu walikuwa wamezunguka kaburi, kwaya imejipanga, mama Theresia amekalishwa kwenye mkeka. Hatibu alitua boksi, akakaribia kuanguka nalo. Watani wa bondeni walimpokea kwa majivu usoni, akacheka, maana hayo aliyategemea. Alikuwa bado anacheka Nasibu alipojitokeza kati ya watu, amevaa lile koti jeusi, anakohoa. Akasimama mbele yake, akanyoosha mikono yote miwili.

“Nimelala hapa sina jibu,” alisema kwa sauti ya mzee. “Ziko wapi?”

Watu wakacheka. Hatibu alicheka nao, akaonyesha boksi. “Hizi hapa, mzee.”

“Siku ile nilipovaa koti langu. Siku ile zilikuwa wapi?”

Hatibu akamtazama Prisca. Prisca alikuwa ametulia, mikono kifuani, hakuna kicheko usoni.

“Usinitazame mimi,” alisema. “Mjibu aliyekuuliza.”

“Zilikuwepo,” alisema Hatibu.

“Paza sauti. Alikuwa na sikio moja,” Prisca alisema.

Majivu yalikuwa yamechanganyika na jasho, yanamwingia machoni. “Zilikuwepo, mzee!” Hatibu alisema, na sauti yake ilikwenda mpaka upande wa pili wa bonde. “Zilikuwepo siku ile ile. Mwanao alizihifadhi. Hakusahau. Ilikuwa kubonyeza tu, na mimi nilijua, nikasema hazipo.”

Kicheko kilikatika. Nasibu akashusha mikono. Pale kwenye mkeka mama Theresia alimgeukia binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akamtazama machoni.

Prisca alichukua karatasi ya juu kabisa kwenye boksi, akaiweka mikononi mwa mama yake. Kisha akamrudia Hatibu, akasogea karibu mpaka akamwona vizuri.

“Sasa cheka, mtani,” alimwambia.

Hatibu alijaribu, hakuweza.